Kona Kali Mno

Kazi ninayoihakiki hapa haina jina, haina bei, na haijawahi kuingia ukumbi wowote wa maonyesho. Iko juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye matofali manne, nyuma ya nyumba moja nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Ni basi la reli, lenye urefu wa kama nusu mita. Mwili wake ni bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, limekatwa kwa mkasi na kukunjwa juu ya kiunzi cha waya. Vioo ni plastiki ya chupa ya soda. Magurudumu ni vifuniko vya soda. Linasukumwa na mota ndogo iliyotolewa kwenye mashine ya DVD iliyokufa, pamoja na betri mbili za tochi. Aliyelitengeneza ana miaka 15 na hajawahi kupanda treni. Jina lake silitaji, kwa sababu bado ni mtoto na watu wa mtandaoni wameshamsumbua vya kutosha.

Walianza kumsumbua baada ya mgeni mmoja kupita hapo na simu, akarekodi sekunde chache na kuzitupa mtandaoni. Nilisoma maoni yaliyofuata, yaani yote. Mungu ambariki. Serikali iko wapi jamani? Huyu apelekwe ng'ambo. Angalia anachofanya na takataka! Watu walilia machozi ya emoji. Lakini sikuona hata mmoja aliyeuliza kama hiyo treni inatembea vizuri.

Sifa za namna hiyo nazijua. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na tangu hapo watu wa kwetu wakisoma nilichoandika huniambia, "Umejitahidi." Umejitahidi ni neno zuri la kumwambia mgonjwa aliyemaliza uji. Kwa mtu aliyekesha na aya moja mpaka saa tisa usiku, ni kama kumfungia mlango kwa upole. Cheti nilichokosa hakiniumizi kichwa sana. Ninachokikumbuka kwa hamu ni kalamu nyekundu: mtu asome sentensi yangu hadi mwisho, imuudhi, aandike pembeni kwamba hoja hii haisimami.

Kwa hiyo kijana aliponiuliza, "Lakini braza, ni nzuri, ama wanasema tu?" nilijua anataka nini.

Kwanza tukubaliane tunahakiki kitu gani. Mwenyewe anakiita treni. Nyanyake anakiita reru, kama Waluo wa rika lake. Mimi nasema ni basi la reli, na jina hilo nililipata kazini. Naishi Migori na kula yangu inatokana na kuandikia watu mtandaoni chochote wanachotaka. Kuna kipindi nilipata kibarua cha kuandika maelezo ya bidhaa kwa duka la ng'ambo linalouza treni ndogo za watu wazima. Ndiyo, za watu wazima. Kipimo chao maarufu kinaitwa H0: kila kitu kimepunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Kuna wanaonunua zikiwa zimekamilika, kuna wanaonunua vipande na kujiunganishia, na kuna wasiozitoa kwenye boksi kabisa, maana boksi likipotea bei inashuka. Huko Hamburg kuna jengo lililofunguliwa mwaka 2001 kwa ajili ya reli hizi za kuchezea, na watu hulipa kiingilio kwenda kuzitazama. Mimi nikiwa Migori, stima ikipotea kila jioni, niliandika kuhusu mabasi ya reli mpaka nikaanza kuyaota.

Nilichogundua ni kwamba basi la reli, lile la ukweli, ni mtoto wa ufukara. Ujerumani miaka ya 1930, kiwanda cha Wismar kilitengeneza vigari vyepesi vya reli ndogo za mashambani, vikitumia injini za Ford, na kwa kuwa kila upande ulikuwa na boneti iliyochomoza, watu walivibandika jina la pua ya nguruwe. Baada ya Vita vya Pili wakaja na mabasi mekundu ya Uerdingen, yaliyoitwa mwokozi wa njia ndogo. Colorado, Marekani, mafundi wa reli ya Rio Grande Southern walichukua gari la Buick mwaka 1931 na kulivisha magurudumu ya chuma, kisha wakaendelea na magari ya Pierce-Arrow. Waliyaita mabata, kwa vile yalivyokuwa yakiyumba njiani. Uingereza miaka ya 1980 walijenga treni za Pacer kwa sehemu za basi la Leyland, na nyingine zilidumu kazini mpaka 2021. Hadithi ni ileile kila mahali: abiria wachache, pesa hakuna, treni kubwa ni hasara, basi fundi analichukua basi na kulipandisha relini.

Leo gari hilo lililozaliwa kwa kukosa pesa linakusanywa na wenye pesa za ziada. Mifano ya yale mabata ya Colorado inatafutwa sana. Siwacheki. Nadhani wanapenda kile ninachokipenda pia: unaona wazi jinsi fundi alivyofikiri. Treni kubwa inaficha mawazo ya waliyoitengeneza. Basi la reli linakuonyesha mshono.

Sasa rudi Homa Bay. Kijana wetu alianza na video ya treni za Nairobi, zile za dizeli ambazo Kenya Railways ilizindua Novemba 2020 baada ya kutumika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Wakenya walizicheka kwamba ni za mtumba, na kweli ni za mtumba, kama shati nililovaa nikiandika haya. Hizo si mabasi ya reli. Zina magurudumu mengi yaliyofungwa kwenye bogi, yaani vitoroli viwili vinavyogeuka chini ya behewa. Kijana hakuliona hilo kwenye simu. Akaweka ekseli mbili tu, moja mbele na moja nyuma, kama matatu. Hapo akawa ameacha kuiga treni ya Nairobi bila kujua, na kuingia kwenye ukoo wa Wismar, wa Pacer na wa mabata.

Jambo la kwanza la kusifu ni magurudumu, na hapa nataka twende polepole, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo video haikuonyesha.

Gurudumu la treni lina mambo mawili ambayo gurudumu la matatu halina. Kwanza lina ukingo upande wa ndani, unaolizuia kutoka nje ya reli. Pili, sehemu inayokanyaga reli haiko bapa. Imeinama kidogo: ni nene upande wa ndani, nyembamba upande wa nje. Behewa likisogea kulia, gurudumu la kulia linakanyagia sehemu yake nene na la kushoto linakanyagia sehemu nyembamba. Kwa kuwa yote mawili yameshikana kwenye ekseli moja, la kulia linakwenda mbali kidogo kuliko la kushoto, na ekseli nzima inajirudisha katikati. Treni inajipiga usukani yenyewe.

Chukua kifuniko cha soda ukitazame. Kina meno 21 na sketi iliyofunguka kwenda nje. Ukikilaza wima, sketi ikiangalia ndani, una mteremko na una ukingo, vyote viwili, tayari kiwandani. Hapa Migori wavulana wanaotengeneza nganya za waya wanatumia vifuniko hivyohivyo, na huviacha vizunguke kila kimoja kivyake, kwa sababu gari la kuvutwa barabarani halihitaji zaidi. Huyu wa Homa Bay amevishikilia kwenye ekseli ya spoki ya baiskeli kwa plastiki iliyoyeyushwa, viwili vizunguke pamoja. Nilimuuliza nani alimwambia. Akanitazama kama nimeuliza nani alimfundisha kupumua. "Nilijaribu zote. Hizo zingine zinaanguka."

Zinaanguka. Sijui jinsi ya kueleza furaha niliyopata kwa jibu hilo. Hapo hakuna kipaji cha kimiujiza cha mtoto wa kijijini. Kuna mtu aliyejaribu, akaona, akatupa, akajaribu tena. Maoni ya huruma yanamnyang'anya kazi hiyo yote na kumpa Mungu sifa zake.

Reli zenyewe ni waya wa seng'enge ulionyooshwa kwa nyundo, umebanwa kwa misumari iliyopindwa juu ya mataruma ya mbao za kreti ya nyanya. Nafasi kati ya waya na waya haibadiliki hata pale mlango ulipobonyea. Nilipima kwa rula sehemu sita. Ni kazi safi.

Sasa mabaya.

Mwili ni mrefu mno kwenda juu. Amechukua vipimo vya matatu, si vya treni, na mzigo wa betri ameuweka chini ya paa ili mlango wa kubadilishia uwe rahisi kufungua. Kwa hiyo uzito uko juu na gari linayumba hata kwenye njia iliyonyooka. Betri zikishuka sakafuni, nusu ya tatizo imekwisha.

Mlango uko upande wa kushoto peke yake. Mtu akisema hilo ni kosa, nitabishana naye. Matatu ya Kenya hufungukia kushoto kwa sababu upande huo ndio wenye ukingo wa barabara, na basi la reli ni basi kwanza. Tatizo langu ni kwamba njia yake haina stesheni hata moja. Mlango uko tayari lakini hakuna mahali pa kushukia. Aidha ajenge jukwaa, hata la kadi ya pakiti ya unga, au mlango huo ni urembo.

Halafu konda. Kwenye mlango huo kaning'inia kijitu cha waya, mkono mmoja hewani. Kila anayefika anakicheka na kukipiga picha. Nilimuuliza kijana kilikuja lini. Kilikuja baada ya video, baada ya mtu kumwambia treni yake inafanana na mathree. Basi hapo nikapata kidonda cha kazi hii. Vitu vingine vyote vimewekwa ili treni itembee, na konda amewekwa ili tucheke. Amefungwa upande mmoja, anaongeza uzito upande huo, na amewekewa sisi watazamaji. Huruma yetu imeshaanza kumtengenezea kijana treni yake. Konda aondoke.

Mwisho wa njia ndio unaonifanya niseme kazi hii ina akili zaidi ya ufundi. Reli inapita kando ya mlango, inakata kona, inafika kwenye ukingo na kusimama. Hapo pana karai la maji. Ndani ya karai mnaelea meli ya patapata, iliyochongwa kwa kisu, na ubao mwembamba unaunganisha reli na meli. Niliona ni mchezo tu, mpaka nyanyake akaeleza. Mwaka 1968 alipanda meli gatini Homa Bay, akashukia Kisumu, akatembea hatua chache, akapanda treni kwenda Nairobi. Kwake yeye ilikuwa safari moja. Meli na treni vilikuwa vya shirika moja, East African Railways and Harbours.

Hilo ni kweli la historia, na wengi wa rika langu hatukufundishwa. Tumelelewa tukiamini kwamba reli haikuwahi kutujali sisi wa kusini mwa Nyanza. Ni kweli kwamba hakuna reli iliyofika Homa Bay wala Migori. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901 ikasimama ukingoni mwa maji, na SGR ilipofika Naivasha mwaka 2019 ilikuwa bado mbali nasi. Lakini reli ile ya zamani iliendelea kwa maji. Meli zake zilitia nanga Kendu Bay, Homa Bay, na Karungu iliyo leo Kaunti ya Migori. Mojawapo iliitwa Rusinga, jina la kisiwa chetu. Na ile ya kwanza kabisa, William Mackinnon, ilitoka Scotland ikiwa vipande. Vipande hivyo viliunganishwa upya Kisumu, na meli ikashushwa majini mwaka 1900, kabla reli haijafika. Yaani, kwa lugha ya lile duka niliyoliandikia, ilikuja ya kujiunganishia mwenyewe. Kabla ya mzungu yeyote mstaafu kukaa na kibano na gundi mezani kwake, wapagazi walikuwa wameshabeba vipande vya meli kichwani.

Kwa hiyo karai lile ni hoja. Linasema njia ya kwetu haikukatika ukingoni, ilibadilisha chombo tu. Jumba la makumbusho la reli pale Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, lina Garratt kubwa iitwayo Mount Gelai, na lina lile behewa ambamo simba alimuua Charles Ryall mwaka 1900. Ni vitu vizito na vya kweli. Ila ukitoka pale unakumbuka reli kama chuma na simba. Karai la Homa Bay linakukumbusha abiria mwanamke mwenye kikapu, anayeshuka chombo kimoja na kupanda kingine.

Naja kwenye kona, kosa kubwa kuliko yote. Kati ya mlango na karai, reli inapinda ghafla kwa sababu ubao umekwisha. Basi likifika hapo linalia, linang'ang'ania, na mara nyingi linatoka njiani. Kijana anadhani mota ni dhaifu. Si mota. Ekseli zake mbili ziko mbali, moja mwanzo wa gari na nyingine mwisho, na hazigeuki. Kwenye kona pana mteremko wa vifuniko unatosha. Kwenye kona kali ukingo unajikwaruza na reli mpaka unapanda juu. Zile Pacer za Uingereza zilikuwa na ugonjwa huuhuu: ekseli mbili, umbali mrefu, na kelele kwenye kona mpaka abiria wakalalamika. Mtoto wa Homa Bay amerudia kosa la wahandisi wa Uingereza kwa sababu alianza na wazo lilelile. Ukiniuliza mimi, hiyo ni heshima kubwa kuliko maoni yote ya emoji, lakini bado ni kosa.

Najua kuna atakayesema namwonea. Ni mtoto, ni bati, ni mchezo. Uhakiki wa nini? Ningemjibu kwa kumkumbusha Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyejenga miji mizima kwa karatasi, kadi na takataka za pakiti. Aliingia kwenye maonyesho makubwa Paris mwaka 1989, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufa, jumba la MoMA la New York lilimwekea maonyesho yake peke yake. Watu walibishana kuhusu rangi zake, ulinganifu wake, siasa za miji isiyo na masikini. Walimhukumu, na kwa kumhukumu wakamkubali kama msanii. Cyrus Kabiru wa Nairobi anatengeneza miwani kwa vyuma chakavu, na anayeiandikia vizuri haanzii kwenye jaa alikookota, anaanzia usoni inapokaa. Takataka ni malighafi. Kuitaja mwanzo, katikati na mwisho ni njia ya kutoitazama kazi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kijana huyu "asaidiwe" kwa kununuliwa treni ya dukani. Mpe treni ya dukani, atafurahi, nami ningefurahi. Lakini itakuja na kona zilizokwisha kupimwa na magurudumu yaliyokwisha kuinamishwa. Haitamuuliza swali lolote. Mwenye kabati la H0 na mwenye mlango juu ya matofali wanafanana pale tu wanapokaa na gari lililoanguka na kujiuliza kwa nini limeanguka. Msaada wa maana ni ule unaofika na jibu, au na swali gumu zaidi.

Nilimwambia yote haya, si kwa maneno haya. Alisikiliza akiwa ameshika konda kati ya vidole. Hakufurahi. Aliuliza kama nina uhakika kuhusu ekseli, akanibishia kuhusu betri, na kuhusu stesheni akasema nyanyake pia alishalalamika kwamba hakuna mahali pa kusubiria. Nyanyake, nadhani, ndiye mhakiki wa kwanza wa kazi hii na bado ndiye bora.

Hukumu yangu, basi. Magurudumu: mazuri kabisa, sijaona bora zaidi Migori wala Homa Bay. Reli: safi. Mwili: mrefu mno, betri zishuke. Konda: atoke. Stesheni: ijengwe. Karai: libaki lilivyo, na atakayelitumia kuogea aulizwe. Kona: kali mno. Atafute mlango wa pili auunganishe na wa kwanza, apinde reli polepole kwa urefu wote wa ubao huo, au azisogeze ekseli mbili karibu katikati. Asijaribu yote kwa siku moja, maana likitembea hatajua ni lipi lililosaidia.